Mkodisha Viti vya Harusi Aliyetaja Fedha Isiyoonekana

Saa mbili asubuhi, na jua la Sa Dec, mji wa kando ya mto, limeshaanza kuuma. Doan Thi Suong amechuchumaa uani kwake, mikono imezama katika beseni la sabuni, anasugua mabakuli ya supu yaliyorudi kutoka kwenye harusi ya jana. Kila bakuli analigeuza, analitazama kitakoni, kisha analigonga kwa ukucha. Likilia vizuri, analiweka kulia. Likilia kama lina mafua, analitenga.

"Hili lina ufa," anamwambia mumewe. "Hauonekani, lakini upo. Likimpasukia mkwe wa watu mapajani na supu ya moto, aibu ni yangu."

Mumewe, Hau, anashusha viti kutoka kwenye gari. Ni mtu wa maneno machache. "Liwe la kuku," anajibu, na kuendelea na viti vyake.

Suong ana miaka hamsini na mbili, na kazi yake ni kukodisha turubai, meza, viti na vyombo vya karamu. Majirani humwita Dada Bay, yaani wa Saba, kwa nafasi aliyozaliwa kwao, na wengi hawalijui kabisa jina lililo kwenye kitambulisho chake.

Meza moja na viti vyake kumi hukodishwa kwa dong elfu sabini. Harusi ya meza thelathini, ukijumlisha turubai na lango la maua, huleta kama milioni tano. Hapo bado hajawalipa wabebaji, hajatia mafuta kwenye gari, wala hajafidia sahani zilizovunjwa na wajomba waliolewa.

"Watu wanaiona milioni tano," anasema. "Hawavioni vitambaa mia tatu vya viti vyenye madoa ya mchuzi wa samaki."

Kazi yenyewe huja kwa misimu. Baada ya Tet, sikukuu ya mwaka mpya, harusi hufuatana kama siafu. Mwezi wa saba wa kalenda ya mwezi, ambao ni wa mizimu, hakuna anayethubutu kuoa, na viti hulala ghalani vikikusanya vumbi.

Kwa miaka mingi kodi yake ilikuwa ya makadirio. Maofisa walimpangia kiwango mwanzoni mwa mwaka, naye akalipa kilekile kila mwezi, harusi ziwepo zisiwepo. "Nililipa kama mtu anavyolipa bili ya maji. Sikuuliza, hawakuuliza."

Kisha utaratibu ukabadilika. Wafanyabiashara wadogo wakatakiwa kuandika mauzo yao na kuyatangaza wenyewe. Sokoni watu walilalamika, wengine wakacheka, na Dada Bay akawa miongoni mwa waliosema "nitaanza mwezi ujao." Alichokuwa nacho ni daftari la shule alimoandika tarehe za watu na idadi ya meza zao, ili turubai moja lisiahidiwe harusi mbili. Mengine yote aliyaweka kichwani.

Jambo la pili alilokuwa nalo lilikuwa zito zaidi. Dada Bay ni kijumbe wa upatu. Kwa miaka kumi na tatu, watu ishirini, yeye akiwamo, wamekuwa wakichanga milioni mbili kila mwezi, na kila mwezi mmoja anapokea. Kuna walioezekea nyumba kwa upatu huo, na yupo aliyelipia upasuaji wa macho ya mama yake. Zamani walimletea fedha mkononi. Simu zilipokuja na benki ndani yake, wakaanza kumtumia.

Walituma kwenye akaunti ileile iliyopokea fedha za viti.

"Simu moja, benki moja, mfuko mmoja," anasema, akiinua kidole chenye povu. "Nilijiambia, kwani fedha zina rangi?"

Mwaka juzi, kipindi ambacho maji ya mto hupanda, ofisi ya kodi ya eneo lake ilimwita akatoe maelezo. Akaunti yake ilikuwa imepokea karibu milioni mia saba kwa mwaka. Makadirio yake ya miaka yote yalisema biashara yake ni ya milioni mia na themanini. Kama yote yaliyoingia yangehesabiwa kuwa mauzo, kodi ingefika milioni arobaini na tisa, zaidi ya nusu ya faida yake ya mwaka mzima.

"Nilisikia masikio yanalia," anakumbuka. "Nikamwambia Hau, tumekwisha. Akaniuliza, tumekula? Nikasema, sijapika. Akaenda kupika."

Habari haikai ndani Sa Dec. Kabla ya jioni, Tam Quoi, mkodisha turubai wa ng'ambo ya mfereji, alikuwa ameshafika na ushauri. Wawili hao ni washindani tangu ujanani, lakini karamu ya mmoja ikizidi, huazimana viti.

"Bay, usiwe mjinga," alimwambia. "Toa hiyo picha ya kuskani malipo kwa simu ukutani. Andika, 'tunapokea taslimu tu.' Na mteja aking'ang'ania kutuma, mwambie aandike 'zawadi kwa shangazi.'"

"Kaka Tam, mimi na wapwa mia tatu?"

"Bora wapwa mia tatu kuliko mgeni mmoja wa ofisi ya kodi."

Dada Bay alicheka, lakini picha aliitoa kweli. Ukuta ulikaa mtupu kwa wiki moja. Wateja walinung'unika, nani siku hizi anatembea na milioni tano mfukoni? Yeye mwenyewe anasema hakupata usingizi mzuri hata siku moja katika wiki hiyo, na Hau ndiye aliyeirudisha picha ukutani bila kumuuliza.

Akaamua kutenganisha fedha. Alikwenda benki akachapishiwa miamala yote ya mwaka, bunda lenye unene wa mkate, akaketi nalo kwenye kibaraza na Ut Nhan, rafiki yake muuza miche ya maua na mchangaji wa upatu tangu siku ya kwanza. Penseli ya kijani ilikuwa ya upatu. Nyekundu ilikuwa ya biashara. Amana za vyombo, ambazo mteja hurudishiwa sahani zikirudi salama, walizichorea mduara.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko walivyodhani, kwa sababu watu hutuma fedha kama wanavyopika: kila kitu chungu kimoja.

"Hii milioni tano na laki moja ni ya nani?" Dada Bay aliuliza.

"Yangu hiyo!" Ut Nhan alijibu. "Mbili za upatu, tatu na laki za harusi ya Thao wangu."

"Na ulinitumia pamoja?"

"Wewe ndiye uliyesema nitume tu!"

"Nilisema tuma, sikusema univuruge akili."

Walipomaliza, kijani ilikuwa milioni mia nne na hamsini na kitu. Amana zilikuwa zaidi kidogo ya milioni thelathini. Nyekundu, yaani fedha ya viti na turubai iliyopita benki, ilifika milioni mia mbili na kumi. Ilizidi makadirio kwa kiasi ambacho mtu anaweza kukilipa, akapumua na kuendelea na maisha.

Ut Nhan aliruka kwa furaha. Dada Bay hakuruka. Alijua kwamba katika nyekundu ile kuna fedha ambazo hazimo. Theluthi ya wateja wake, hasa wazee na watu wa mashambani, humlipa mkononi, noti zimefungwa kwa mpira. Hizo hazikupita benki. Zilionekana kwenye lile daftari lake la tarehe tu, na daftari lilikuwa lake.

Siku ya kwenda ofisini, aliongozana na mashahidi wawili wa upatu: Ut Nhan na Bibi Diep, fundi cherehani mstaafu mwenye miaka sabini na moja, aliyevaa nguo yake ya sikukuu ya hariri kana kwamba anakwenda kuposa. Waliketi watatu mbele ya meza ya ofisa aitwaye Khai, wa umri wa mwanaye.

Dada Bay anasema alikwenda amejiandaa kwa ugomvi, lakini hakuupata. Khai alipitia kurasa moja baada ya nyingine, akauliza juu ya miamala kadhaa, akawauliza mashahidi wanachanga kiasi gani na nani alipokea lini. Bibi Diep alijibu yake na ya jirani zake, na akaongeza habari ya bawasiri ya mpokeaji wa mwezi wa tano, ambayo haikuulizwa.

"Sawa, mama mdogo," Khai alisema hatimaye. "Fedha za upatu si mauzo yako. Amana pia si mauzo. Hizi nazitoa." Akaandika. Kisha akainua kichwa. "Na taslimu je? Wateja wote hutuma kwa simu?"

Hapo, anasema Dada Bay, kisigino cha Ut Nhan kilitua juu ya vidole vyake chini ya meza.

Kando yake alikaa Bibi Diep, aliyekuwa ameozesha wajukuu wawili kwa viti vya Dada Bay na kulipa taslimu mara zote mbili. Upande wa pili alikaa Ut Nhan, aliyejua kila noti iliyowahi kupita kwenye ua ule. Wote wawili walikuwa wamekuja kuapa kwamba mwanamke huyu hesabu zake ni za kweli.

"Nikawaza," anasimulia, na sasa mikono yake imetulia ndani ya beseni. "Hawa wananipa fedha zao kila mwezi bila karatasi, kwa kuwa hawajawahi kunisikia nikidanganya hesabu. Leo nidanganye hesabu mbele yao, wakiwa wamekaa hapahapa? Wangenicheka, wangenisifu hata. Lakini mwezi unaofuata, mtu akiwa na milioni mbili mkononi, angejiuliza."

Akamjibu ofisa: "Zipo za taslimu, mwanangu. Hazimo humo."

Kisigino kilikanyaga kwa nguvu zote.

Alilitoa daftari la tarehe kwenye mkoba. Walihesabu pamoja hadi karibu na chakula cha mchana, na taslimu ikafika milioni mia na kumi. Kama angenyamaza, angedaiwa milioni mbili na kidogo juu ya zile alizokwisha kulipa. Baada ya kusema, deni likawa milioni tisa na laki nane, na nyongeza ya kuchelewa juu yake. Khai alimwambia kwamba anaweza kuomba kulipa kwa awamu, na akamwonyesha jinsi ya kuandika ombi.

Walipotoka nje, Ut Nhan alilipuka.

"Wewe umerogwa! Amekuuliza tu! Hakuwa na ushahidi wowote yule!"

Bibi Diep alikuwa akifungua mwavuli wake. "Ushahidi si tulikuwa sisi?" alisema, na kuwatangulia kwenda kutafuta tambi.

Kusema kweli kulimgharimu zaidi ya kodi. Watu wanne walijitoa katika upatu, wakihofia kwamba majina yao sasa yako ofisini. Wiki chache baadaye maofisa walipopita sokoni wakiuliza kila mtu habari ya taslimu, Tam Quoi alitangaza kwenye meza za kahawa kwamba Bay ndiye aliyewachongea. Ziara ile ilikuwa imepangwa na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo mapema, lakini nani husoma ubao wa matangazo?

Msimu wa harusi ulipofika, Dada Bay alipata karamu ya meza sitini, naye alikuwa na arobaini na tano. Miaka yote, meza zilizopungua zingetoka ng'ambo ya mfereji. Akampigia Tam Quoi.

"Viti vyangu vimechoka," Tam Quoi alimjibu. "Waombe rafiki zako wa kodi wakuazime vyao."

Akakodi kutoka mbali, kwa bei iliyoimeza faida yote. Siku hiyo aliingia ghalani, akaketi nyuma ya safu za viti na kulia. "Nilijuta," anakiri bila kuona haya. "Siwezi kukudanganya kwamba sikujuta. Nilisema, Bay, ukweli wako umemlisha nani?"

Awamu ya kwanza ilipokaribia, alikuwa amepungukiwa. Alipanga kwenda kuuza pete. Asubuhi aliyotaka kuondoka alikuta bahasha chini ya buli la chai, na nje, kando ya ngazi, duara tupu kwenye saruji mahali pa chungu. Hau alikuwa ameuza mti wake wa maua ya manjano ya Tet, alioukata na kuupinda kwa waya kwa miaka mingi, ambao watu walikuwa wakisimamisha pikipiki kuutazama.

"Kwa nini umeuuza?" alimuuliza.

"Ulikuwa unamwaga majani tu."

"Hau."

"Kalipe," Hau alisema. "Foleni huwa ndefu."

Huo mti hazungumzii sana. Akiulizwa, huanza kusuuza vyombo kwa haraka.

Tangu hapo Dada Bay ana akaunti mbili: ya upatu haiguswi na kiti, na ya viti haiguswi na upatu. Kila siku baada ya chakula cha mchana, kabla ya kujilaza, huandika kilichoingia na kilichotoka, hata kama ni elfu ishirini ya sabuni. Mali bila daftari hupotea bila habari, na yake ilikuwa ikipotea mahali asipopatazamia.

Lango la maua ndilo lililomshangaza. Miaka yote aliliona kuwa fahari ya biashara, kitu kinacholeta milioni nzima kwa kazi ya siku moja. Baada ya miezi mitatu ya kuandika, aligundua kwamba maua mabichi, barafu ya kuyahifadhia na ujira wa wapambaji vilikula ile milioni na kuuma kidogo faida ya meza.

"Nilikuwa nawalipa watu waoe," anasema, akicheka hadi machozi. Sasa malango yake ni ya makuti ya mnazi yaliyosukwa, ambayo Hau huyasuka mwenyewe, na wazee wanasema ndiyo ya asili.

Ulipofika mwezi wa mizimu, alitangaza mauzo yake na kukuta hadaiwi karibu chochote. Akaogopa, akampigia Khai.

"Mwanangu, mbona sidaiwi? Kuna kosa."

"Mama mdogo, mwezi huu umekodisha nini?"

"Sijakodisha. Nani anaoa mwezi huu?"

"Basi nikudai nini? Mizimu?"

Kwa makadirio ya zamani, mwezi kama huo ungelipiwa kama mwingine.

Tam Quoi alikuja mwenyewe, mchana mmoja, na mfuko wa nailoni umejaa karatasi. Alisimama kwenye lango bila kuvua kofia.

"Sikuja kukuomba radhi," alisema.

"Najua. Kaa. Chai ya barafu hiyo."

Alikaa. Alikunywa glasi nzima kabla ya kusema kwamba naye ameitwa, na kwamba ofisa amemtaka ataje majina ya wapwa zake. Wote. Na uhusiano wao.

Dada Bay aliangalia pembeni ili asicheke. Hau, aliyekuwa akitengeneza mguu wa meza, hakujizuia. Watu wa nyumba ile wanasema ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka kwa sauti. Mwishowe Tam Quoi naye akacheka, kwa uchungu kwanza, kisha kweli. Walikaa na penseli zile za kijani na nyekundu mchana ule na wa kesho yake. Alipokwenda ofisini, Dada Bay alimsindikiza hadi mlangoni, hakuingia.

"Nilimwambia, ndani utasema mwenyewe. Mimi siwezi kukusemea."

Sasa wanaazimana viti tena, ila kila kiti kinachovuka mfereji kinaandikwa pande zote mbili. Tam Quoi analalamika kwamba urafiki umegeuka ofisi. Upatu nao umebaki na watu kumi na wanane. Wawili kati ya wanne walirudi, wawili hawakurudi, na mmoja wao bado huvuka barabara akimwona Dada Bay sokoni. Hilo, anasema, linamuuma kuliko deni, ambalo alilimaliza kabla ya Tet.

Mabakuli yameisha kusuguliwa. Anajipangusa mikono, anavuta kiti, na hapo ndipo anaposema anachokitaka.

Anataka kununua turubai moja jipya, meza kumi, viti mia moja na birika kubwa la chai, ambavyo havitakodishwa kamwe. Vitakuwa vya misiba ya wasio na kitu. Kwao, mtu akifa, waombolezaji hukaa siku mbili tatu na jeneza, na asiye na turubai hukaa juani au mvuani.

"Watu walikuwa wakija," anasema. "Mtoto amefiwa na baba, hana hata ya ubani. Nilikuwa nampa turubai, lakini nampa nimenuna. Si roho mbaya. Sikujua nina nini. Mtu asiyejua ana nini, kila anachotoa anakiona kama kinatoka kwenye koo la wanawe."

Hivi sasa anatenga dong laki tano kila mwezi kutoka kwenye faida, faida ambayo anaijua. Bibi Diep ameahidi kushona vitambaa vya viti, vyeupe, bila malipo, mradi macho yake bado yaone. Hau ameshapima mahali ghalani, juu, maji yasikofika. Wanatumaini vitu vyote vitakuwa tayari kabla ya mvua za mwakani.

"Mzazi wa mtu asiagwe mvuani kwa sababu mwanawe hana laki nne za turubai," anasema Dada Bay, akiinuka kwenda kulipokea gari la viti linaloingia. "Hilo ninaliweza. Nimepiga hesabu, nikarudia. Ninaliweza."